Mafua Yamekukamata, Mtoto Anataka Kunyonya

Ukiamka alfajiri pua zimeziba, koo linawasha na kichwa kizito, na pembeni yako mtoto wa miezi miwili anageuzageuza kichwa akitafuta titi, mpe anyonye. Mafua ya kawaida si sababu ya kumnyima mtoto ziwa hata kwa siku moja, wala si sababu ya kukamua maziwa na kuyamwaga.

Natanguliza hilo kwa sababu najua utakayoambiwa. Shangazi atasema maziwa ya mama mgonjwa yana homa. Jirani atasema yamechacha. Mwingine atakushauri ukamue ya kwanza, uyamwage chini, ndipo umpe mtoto yanayofuata. Mama mkwe, kwa mapenzi kabisa, atataka kukoroga uji mwepesi au kumtuma mtu dukani akalete maziwa ya kopo, "mpaka upone." Wote hao wanamtakia mtoto mema, kwa hiyo wasikilize kwa heshima, kisha waeleze jinsi mafua yanavyosafiri.

Mafua huletwa na virusi, na viko vya aina zaidi ya 200. Makazi yao ni puani na kooni. Hutoka kwa chafya, kwa kikohozi, na sana sana kwa mkono uliofuta kamasi kisha ukashika kitu kingine. Kwenye maziwa havipiti. Njia ya kutoka kwako hadi kwa mtoto ni pumzi na mikono, na hizo ndizo za kuchunga.

Kuna jambo la pili ambalo watu husahau. Mwenye mafua huanza kuambukiza siku moja au zaidi kabla hajaona dalili yoyote. Wakati unapiga chafya ya kwanza leo, jana ulikuwa umeshambusu mtoto, umeshamwogesha na umelala naye shuka moja. Kumwachisha ziwa leo hakufuti ya jana. Kunamwondolea tu msaada ambao mwili wako umeanza kumtengenezea, maana virusi vikiingia mwilini mwako, askari wa kinga waliovikuta kwenye njia ya hewa na utumboni husafiri kwa damu mpaka kwenye matiti, na pale hutengeneza kingamwili dhidi ya virusi hivyohivyo. Kingamwili hizo hutoka na maziwa na kutanda kwenye mdomo, koo na utumbo wa mtoto. Yeye mwenyewe, katika miezi yake ya kwanza, bado hana uwezo wa kutengeneza za kumtosha. Sisemi kwamba hatapata mafua kabisa, anaweza kuyapata. Lakini anayapata akiwa na msaada.

Ukiacha kunyonyesha kwa siku tatu, madhara yanakuja kutoka pande nyingine. Matiti yanajaa, yanauma, na uvimbe wake unaweza kukuletea homa kali kuliko ya mafua. Maziwa yanapungua kwa kuwa hayatolewi. Na mtoto aliyekuwa anakunywa kitu safi kutoka kifuani anaanza kunywa kitu kilichochanganywa na maji, kwenye chupa iliyooshwa kwa haraka, na hapo kuhara hakuko mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Ushauri huo haukomi kwa sababu ya mafua.

Sasa tazama khanga yako. Mama mwenye mtoto mchanga anaishi na khanga begani. Ndiyo taulo, ndiyo shuka, ndiyo pazia la kunyonyeshea mbele za watu. Siku ya mafua, pindo la khanga hiyohiyo ndilo linalofuta pua. Nusu saa baadaye mtoto amecheua, na pindo lilelile linamfuta mdomo. Akilala, anafunikwa nayo. Mtoto akiambukizwa katika hali hiyo, watu watalaumu ziwa, na khanga itabaki begani. Kwa hiyo tenga. Ya mtoto iwe yake, na isiguse pua yako. Wewe tumia tishu au karatasi laini ya chooni, na ukishapenga itupe papo hapo. Usiichomeke kwenye sidiria ili uitumie tena, maana hapo umeiweka palepale mtoto anapokuja kulaza shavu.

Kila unapotaka kumnyanyua, nawa kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka, usugue viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20 hivi. Nyumba isiyo na bomba, kibuyu chirizi kinatosha. Titi lenyewe halihitaji sabuni, kwani sabuni hukausha chuchu na kuipasua. Ukipiga chafya au kukohoa juu ya kifua kilicho wazi, futa kwa kitambaa safi chenye maji, basi. Wakati wa kunyonyesha, vaa barakoa na uibadilishe ikilowa. Kama huna, geuza uso na ukoholee kwenye kiwiko. Barakoa ni yako wewe. Mtoto mdogo havalishwi, itamkaba pumzi.

Kumbusu mdomoni na mikononi kuache kwa siku hizo, ingawa najua ni adhabu. Watoto wa shule wanaorudi na mafua wanawe kabla ya kumshika mdogo wao, na wageni wenye kikohozi wamtazame kwa mbali. Jambo jingine ni moshi. Pwani, chumba cha mzazi hufukizwa udi au ubani, na kwenye kipupwe, kule Lushoto, Njombe na Makete, watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili mama na mtoto wapate joto. Moshi wa udi unawasha njia ya hewa ya mtoto ambayo tayari ni nyembamba. Fukiza chumba kingine. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lina sumu isiyo na harufu, nayo huua familia nzima ikiwa usingizini. Ongeza blanketi, jiko libaki nje.

Lakini ninachokiogopa kuliko chafya ni kaunta ya duka la dawa. Unafika umechoka, unasema "naomba dawa ya mafua", unahesabiwa vidonge ndani ya kibahasha, unalipa, unaondoka. Hukuulizwa kama unanyonyesha, na kibahasha hakina jina la dawa. Sentensi yako ya kwanza pale iwe: "Nina mtoto, nanyonyesha," kisha taja umri wake, kwa kuwa ini na figo za mtoto wa wiki mbili si sawa na za mtoto wa miezi kumi. Halafu omba uoneshwe boksi lenyewe usome kilichomo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Utakuta kwamba vidonge vingi vinavyoitwa vya mafua ni mchanganyiko wa dawa tatu au nne ndani ya kidonge kimoja: parasetamoli ya kutuliza homa na maumivu, dawa ya mzio ya kukausha kamasi, dawa ya kuzibua pua, na mara nyingine kafeini. Mimi siwashauri kina mama wanaonyonyesha kuvitumia. Kwanza, ukimeza hivyo kisha ukaongeza parasetamoli kwa ajili ya kichwa, umemeza parasetamoli mara mbili bila kujua, na dawa hiyo ikizidi huharibu ini. Pili, ile dawa ya kuzibua pua inaweza kupunguza maziwa. Inayojulikana zaidi kwa hilo ni ile inayoandikwa kwenye boksi pseudoephedrine. Watafiti wa Australia walitoa matokeo mwaka 2003 baada ya kuwapa wanawake 8 wanaonyonyesha dozi moja tu ya miligramu 60, na maziwa yao yalipungua kwa asilimia 24 katika siku hiyo. Wanawake 8 ni wachache, lakini mama ambaye tayari ana wasiwasi kwamba maziwa hayatoshi hana sababu ya kujaribu. Tatu, dawa za mzio za zamani zinazoleta usingizi hukulegeza wewe na huweza kumlegeza na mtoto, hasa mchanga, akasinzia badala ya kunyonya.

Kinachokufaa ni dawa moja kwa tatizo moja. Kichwa na homa vitulize kwa parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Kama uzito wako uko chini ya kilo 50 au una tatizo la ini, muulize mfamasia kwanza, dozi yako ni ndogo zaidi. Ibuprofeni nayo inafaa kwa anayenyonyesha, mradi huna vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Kiasi cha dawa hizi mbili kinachofika kwenye maziwa ni kidogo kuliko dozi anayopewa mtoto mwenyewe akiumwa. Pua iliyoziba idondoshee matone ya maji ya chumvi yanayouzwa famasi. Dawa za kupuliza za kuzibua pua zisizidi siku tatu, maana zikizidi pua huziba upya.

Aspirini iache, kwa watoto inahusishwa na ugonjwa adimu lakini mbaya wa ini na ubongo. Dawa ya kikohozi yenye kodeini usiiguse, na tramadol hali kadhalika. Mwili hugeuza kodeini kuwa mofini, na wako watu ambao miili yao hufanya hivyo kwa kasi sana, wakajaza mofini kwenye maziwa bila wao kujihisi vibaya. Mtoto analegea, anapumua polepole, anaweza kufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 kwamba kina mama wanaonyonyesha wasitumie dawa hizo mbili. Watu wenye miili ya namna hiyo ni wengi zaidi Ethiopia kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa hiyo jambo hili si geni kwa upande wetu wa Afrika. Antibayotiki nazo, iwe amoksilini au nyingine, haziui virusi vya mafua. Ukiandikiwa na daktari kwa ugonjwa mwingine, meza zote na uendelee kunyonyesha; kujinunulia kwa sababu ya kamasi ni kutupa pesa.

Za nyumbani ni salama kwako nyingi: chai ya tangawizi, maji ya moto yenye limau, kijiko cha asali kwa ajili ya koo. Asali hiyo usimlambishe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa ncha ya kidole, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya sumu inayolegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka ashindwe kunyonya na kupumua. Kujifukiza kumeenea nyumba nyingi Tanzania tangu mwaka 2020. Ukitaka kufanya, sufuria iwe chini mahali tambarare, mtoto awe chumba kingine na mtu mzima mwingine. Kumwingiza ndani ya blanketi pamoja nawe ni kumweka sentimita chache kutoka maji yanayochemka. Dawa za kuchua zenye mentho na kafuri usijipake kifuani wala shingoni, kwa sababu pua ya mtoto anayenyonya imelala hapohapo, na yeye usimpake kabisa kabla hajafika miaka miwili.

Siku ya pili au ya tatu utahisi matiti yamelegea na utadhani maziwa yamekwisha. Mara nyingi yamepungua kidogo tu kwa sababu hukunywa vya kutosha, hukula, na umeruka kunyonyesha mara mbili tatu kwa uchovu. Tiba yake ni mtoto mwenyewe: mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Wewe weka jagi la maji karibu na unapokaa, unywe kila anaponyonya. Hamu ya kula ikipotea, vitu vya kunyweka vinapita hata kwenye koo linalouma: uji, supu ya samaki, mtori kama ule wanaopikiwa wazazi wa Uchagani. Kufua na kupika kusimamiwe na wengine. Baba wa mtoto anaweza kumbadilisha nepi, kumbeulisha na kumbembeleza, kisha kumleta kwako anaponyonya tu. Hilo linakupa usingizi na pia linapunguza saa ambazo mtoto anakaa mbele ya pumzi yako.

Kunyonyesha ukiwa umelala ubavu kunasaidia sana mwili ukiuma. Lala kitandani, kwenye godoro gumu, mto na blanketi zito vikae mbali na uso wa mtoto, na umwombe mtu akae macho karibu nawe. Kwenye sofa usijaribu, mtoto hudidimia pembeni akakosa hewa. Kama umekunywa dawa ya usingizi au homa imekuzidi, akishashiba achukuliwe, alazwe chali mahali pake.

Ukishindwa kabisa kumshika, kamua kwa mkono kwenye chombo safi na mtu mzima asiye na mafua amnyweshe kwa kikombe, polepole, mtoto akiwa amekaa wima. Kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko chupa na hakimchanganyi mtoto aliyezoea titi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mchana ni joto zaidi ya hapo, kwa hiyo mpe mara moja au yaweke kwenye friji, ambako hukaa hadi siku nne. Na kama umeajiriwa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi za kumnyonyesha mtoto. Zidai hata ukiwa na mafua, zitumie angalau kukamua.

Mtoto naye akishikwa na mafua, tatizo lake kubwa ni pua. Mchanga hupumua hasa kwa pua, kwa hiyo ikiziba anashika titi, ananyonya mara tatu, anaachia na kulia. Usimlazimishe. Dondosha matone mawili ya maji ya chumvi kila tundu, subiri dakika moja, futa kamasi linalotoka kwa kitambaa laini, kisha mrudishe kwenye titi akiwa ameinuliwa kichwa. Ananyonya kidogo, unampumzisha, anarudi. Wako wanaodondosha mafuta ya nazi au samli puani. Mafuta huteremka kwenye mapafu yakaleta nimonia, kwa hiyo kataa, hata anayeshika chupa akiwa ni bibi yake. Dawa za kikohozi na mafua za dukani si za mtoto huyu.

Si kila homa ni mafua, na huku kwetu hili lazima lisemwe. Mafua yana kamasi na chafya. Homa yake kwa mtu mzima ni ndogo. Ukipata homa kali na baridi ya kutetemeka, kapime malaria, na ukikutwa nayo mwambie mhudumu unanyonyesha mtoto wa umri gani na uzito gani. Dengi ilisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Ukipata homa ya ghafla yenye maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, bila kamasi, shuku dengi: tumia parasetamoli pekee na uache ibuprofeni mpaka upimwe, kwa kuwa inaweza kuongeza kuvuja damu. Titi moja likiwa jekundu, la moto na lenye uvimbe, ni titi lenyewe linaloumwa; endelea kulinyonyesha na uende ukatibiwe. Kikohozi kilichopita wiki mbili kapime kifua kikuu. Na kama hujamaliza wiki sita tangu ujifungue, homa yoyote yenye maumivu chini ya kitovu, uchafu wenye harufu ukeni au kidonda cha upasuaji kinachouma usiiite mafua hata kidogo. Hiyo inaweza kuwa homa ya uzazi, nayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mtoto, jifunze kuhesabu pumzi kabla hujahitaji. Subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo mpaka uone kifua na tumbo. Weka simu kwenye saa ya kuhesabu, na kila tumbo linapopanda hesabu moja, kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha, kwa sababu mchanga hupumua haraka kisha akasita. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari, na ukiipata rudia kuhesabu mara moja ili uhakikishe. Kuanzia miezi miwili hadi kumi na miwili ni 50 au zaidi. Wakati unahesabu, angalia chini ya mbavu: nyama ikiwa inazama ndani kila anapovuta hewa, usisubiri kufika mwisho wa dakika, mpeleke hospitali. Vivyo hivyo akikataa titi kabisa, akilegea asiamke vizuri, akipata degedege, midomo ikibadilika rangi, au akilowesha nepi chini ya mara sita kwa siku baada ya wiki yake ya kwanza. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 anapelekwa, hata kama anacheka, na wa chini ya miezi miwili hata akiwa na 37.5 kwapani. Njiani endelea kumnyonyesha, na mhudumu umtajie namba uliyohesabu.

Kama tarehe ya kliniki imeangukia katikati ya mafua, nenda. Mafua madogo, yako au ya mtoto, hayazuii chanjo, na zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ndizo zinazomkinga na kifaduro na aina mbaya za nimonia. Vaa barakoa, kaa karibu na dirisha, na ukipita kwa nesi wa mizani mwambie una mafua ili anawe kabla ya kumshika mtoto anayefuata.